Aliyeninyima Kazi Hanijui

Shangazi yangu alinipigia simu kuniambia nimekosa kazi, na wakati huo tulikuwa tumekaa kochi moja.

"Ndugu mwombaji," akaanza, macho ukutani.

"Shangazi, si niko hapa?"

Akanikata jicho, akaendelea: "Tunasikitika kukujulisha..."

Simu yake ya ofisini inarekodiwa, hata akirudi nayo nyumbani. Basi nami nikajibu kwenye simu yangu, mpole kama mgeni: "Asante, mheshimiwa."

Shangazi ndiye mkuu wa ajira kwenye kampuni kubwa ya wakaguzi wa hesabu. Jengo la vioo, lifti inanukia kuliko mimi. Ukoo mzima ulishaamini nimepita. Mumewe tu ndiye aliyeniambia, "Ukikosa hii, utafute kochi lingine la kulala."

Siku ya usaili shangazi alitolewa chumbani kwa sababu ya undugu. Wakabaki wawili: bosi mkubwa, kipara kinang'aa, na mama mmoja mkimya anayeongoza timu.

Bosi alicheka utani wangu mpaka akafuta miwani. "Kijana, kwangu umepita."

Yule mama aliuliza moja tu. "Tumeenda kuhesabu mali ya mteja. Mwenye stoo anakwambia maboksi ya juu yamejaa, usihangaike nayo. Utafanyaje?"

"Nitamwomba ngazi. Akisema hana, nitapanda mgongoni kwake."

Hakutabasamu hata kidogo.

Kwa hiyo shangazi alipokata simu nikamwuliza, "Yule mama ndiye kanimaliza, sio?"

"Acha ujinga. Yule ndiye aliyekung'ang'ania."

"Na bosi?"

"Bosi anasaini. Mimi napiga simu. Anayechagua ni yule utakayefanya naye kazi, na alikuchagua wewe."

"Sasa?"

"Asubuhi mteja wake mkubwa amehamia kampuni nyingine. Nafasi yako ilikuwa kwa ajili ya kazi ya huyo mteja. Imeondoka nayo."

"Si unipeleke timu nyingine?"

"Sina timu, mwanangu. Nina simu tu."

Nilitafuta mtu wa kumkasirikia, nikamkosa.

Mumewe akaingia, anavua viatu. "Enhe, kijana, unaanza lini?"

Tukatazamana na shangazi.

Nyie mnaosaka kazi kwenye majengo ya vioo, msihangaike kutafuta ndugu ndani. Ulizeni timu inamfanyia kazi nani, na huyo nani yupo mpaka lini.

Mtu aliyeninyima mimi kazi hajawahi hata kusikia jina langu. Na siku hiyo, nina hakika, alilala usingizi mzuri tu.