Neno la Nyumba Hii

Nesi Nyirenda alitoka kaskazini, kwa watu wanaotoa ng'ombe wakioa. Kule mume akishatoa ng'ombe, neno ni lake. Kwetu huku Dedza mwanamume ndiye anayehamia kijijini kwa mke. Anaitwa mkamwini. Analima, anajenga, ananyamaza. Mimi nimekuwa mkamwini tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi.

Binti yetu Lisineti alikuwa amepoteza watoto wawili, wote wakati wa kuzaliwa. Mimba ya tatu ilipokua miguu ikavimba. Nesi akampima, akakuta presha imepanda. Akasema huyu asizalie nyumbani, akakae kwenye nyumba ya kusubiri uzazi iliyo jirani na hospitali, na aende mapema. Akamwambia hayo Fostino, mkwe wetu.

Fostino akaitikia. Nesi akarudi tena, Fostino akaitikia tena. Lisineti yuko palepale, miguu imejaa kama viazi.

Siku moja nesi akaja amekasirika. Akamkuta Fostino anatengeneza jembe uani, na wanawake wanamenya karanga.

"Wewe ni mwanamume wa namna gani? Kwetu mume akisema twende, watu wanakwenda."

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Sista, huyo hata kuku wa kuchinja anaomba." Fostino akainamia jembe lake. Nami nilikuwepo, nikanyamaza. Mkamwini hapeleki jambo la mimba kwa wenye ukoo. Akilipeleka anaambiwa ameota mapembe.

Mke wangu Falesi akamvuta nesi kwenye mkeka, akamjazia karanga mapajani amenye. Akamwacha apoe. Kisha akamwambia, "Unamgombeza mgeni, mwanangu. Jogoo wa kuletwa hawiki. Huku watoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye wao ni kaka yangu Zakeyo, mjomba wao. Na neno la hospitali halibebwi na sisi. Mwenye neno huja mwenyewe kumwambia."

Nesi akamenya karanga chache. Akauliza, "Mbona watu kijijini wanasema Zakeyo ndiye aliyekataa?"

"Nenda ukamuulize alikataa nini."

Akaenda, na Falesi nyuma yake, nami nyuma ya Falesi. Zakeyo alikuwa anasaga ugoro. Nesi akapiga magoti, akapiga makofi ya heshima kama wanawake wa huku. Zakeyo hakuinua macho.

"Mjomba," nesi akasema, "nilipita dirishani, na mlango upo. Mtoto ni wako. Nisaidie azaliwe mzima."

Zakeyo akanusa ugoro, akapiga chafya, akajifuta. "Watu wanasema nimekataa. Nimekataa nini? Mambo ya nyumba yangu nayasikia kisimani kama mbea. Wale wawili niliwazika mimi. Kuzika ndiko nilikoitwa."

Akauliza mkokoteni wa ng'ombe uko wapi.

Asubuhi yake akaita ukoo wote. Nesi akaeleza ule ugonjwa polepole, Zakeyo akagawa kazi. Dada mkubwa aende kumpikia mgonjwa. Falesi apeleke unga na karanga. Mahindi yao yavunwe na sisi wengine. Halafu akamgeukia Fostino, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa.

"Wewe nenda naye. Ulipompa mimba hukuniomba ruhusa. Sasa usiniombe ruhusa ya kumshika mkono."

Hata ng'ombe nadhani walicheka. Fostino akapanda mkokoteni, akamshika mkewe mkono mbele za watu.

Presha ilipanda siku ya uchungu, lakini ilimkuta hospitalini, wauguzi wamejiandaa. Akazaa msichana, na yeye mwenyewe akatoka mzima. Ukoo wa huku huongezeka kwa wasichana. Zakeyo alicheza getini hadi ugoro wote ukamwagika, na hakuutafuta.

Nesi Nyirenda yuko nasi hadi leo. Akiingia nyumba yoyote, kabla ya kupima mtu anauliza, "Neno la nyumba hii liko kwa nani?" Pengine ni mjomba. Pengine ni bibi kiziwi, na hapo nesi anapaza sauti hadi majirani nao wanafundishika. Kisha anawaketisha wote. Tangu binti yule azaliwe, ukoo huu haujamzika mama wa uzazi wala kichanga.

Mwaka jana mvua zikinyesha, Falesi akaugua ugonjwa usiopona. Nesi alikuja na dawa za maumivu. Akamwogesha, akamgeuza, akanionyesha namna ya kumgeuza. Wakubwa wakataka kujua, apelekwe hospitali ya mbali au abaki? Nesi akauliza swali lake lilelile. Zakeyo akasafisha koo.

Falesi akaninyooshea kidevu. "Liko kwa huyu."

Zakeyo akanitazama. Akacheka kidogo, akainuka, akanisogezea kigoda chake.

Nikakaa. Nikasema abaki nyumbani, karibu na karanga zake.

Hakuna aliyebisha.