Ramani ya Makaburi na Swichi ya Mwenyekiti

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo chai hunishinda. Wewe jana uliingia hapa umevimba uso, ukasema kompyuta imekula kazi yako. Nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na wageni, na sikutaka kukugombeza mbele za watu. Leo wageni wameondoka. Kaa hapo kwenye mkeka, weka hiyo simu chini, unisikilize, maana nina hasira. Si zote zako. Nyingine zina umri kukushinda wewe.

Vita vya themanini na sita vilikuwa vimepita miaka kadhaa, na kompyuta zilikuwa zimeanza kuingia katika ofisi ndogondogo za Kampala, zile nzito zenye kisogo kirefu. Mimi nilikuwa msichana niliyemaliza kozi yangu mjini, na kamati ya makaburi yetu sisi Wanubi ikaniajiri. Makaburi yenyewe unayajua, yale ya mteremkoni, upande wa Bwaise. Babu zetu waliletwa na jeshi la Wazungu kutoka Sudan, wakazaa hapa, wakazikwa hapa. Sisi hatujengei makaburi. Tunaweka kilima kidogo cha udongo na kibao cha mti kichwani, basi. Nawe unazijua mvua za Bwaise, kwa hiyo sina haja ya kukueleza vibao vile vilikwenda wapi.

Ndipo tukatengeneza ramani. Niliitengeneza katika programu ya majedwali, ile ambayo waalimu wenu wanaiita lahajedwali. Kila mstari wa jedwali ulikuwa safu moja ya makaburi, na kila kisanduku kilikuwa kaburi moja. Nilitembea na wazee safu kwa safu, wao wakikumbuka, mimi nikiandika: hapa fulani, hapa mkewe, hapa kitoto chao. Nafasi ambazo familia zilikuwa zimeziomba nilizipaka rangi ya njano. Ilikuwa kazi nzuri, na sioni haya kuisifu.

Sasa, Mwenyekiti wa kamati. Jina lake nimemwachia Mungu. Ramani ile ilimpendeza mno, akataka ijifungue yenyewe kila programu inapowashwa, ili mgeni aione kabla hata hajaketi. Basi faili likawekwa katika folda ya kuanzia. Folda hiyo ina kazi moja tu: jedwali lolote lililomo, programu hulifungua inapoamka, wala haiulizi kama ni zima au ni bovu. Nikamwomba tuweke nakala nyingine kwenye disketi.

"Kopi ya nini, wewe binti?" akanijibu. "Kila mtu akikuwa na mapu, sisi kamati tutakuwa nani?"

Umesikia hayo? Watu walimjia na kuku na vifurushi vya sukari ili awaoneshe baba zao wamelala wapi, naye alipenda kuombwa. Akiba haiozi, wahenga walisema, lakini mtu anayependa kuombwa hapendi akiba ya wengine. Na alikuwa na desturi ya pili. Adhana ya adhuhuri ikilia, aliinuka, akaenda ukutani, akazima swichi kubwa ya ofisi nzima. "Hata mashine iende kuswali," alisema, na watu wakacheka. Aliona ni ucha Mungu. Mimi sijaona aya inayomkataza mtu kusubiri kazi ihifadhiwe.

Siku moja kabla ya adhuhuri akaja Hajati Sauda, mjane wa Mzee Farajala. Mwanawe wa pekee, Rajabu, aliyekuwa dereva wa malori ya kwenda Kongo, alikuwa amelala nyumbani kwao Makindye na ugonjwa uliowashinda madaktari. Mama huyo hakulia. Alisimama mlangoni, akaniambia niandike: Mzee Farajala katikati, upande huu Rajabu, upande huu yeye. Nikaandika, nikapaka njano, nikabonyeza kuhifadhi. Taa ya mashine ilikuwa bado inawakawaka adhana ilipolia.

"Mzee, subiri kidogo, inahifadhi," nikamwambia Mwenyekiti.

"Kesho utamaliza," akasema, na mkono wake ukawa umeshafika kwenye swichi. Kioo kikawa cheusi. Akatutoa nje, akafunga mlango.

Rajabu akafariki alfajiri iliyofuata.

Kwetu maiti hacheleweshwi, unajua. Asubuhi Ssalongo, yule Muganda aliyetuchimbia makaburi miaka mingi, alikuja ofisini na jembe lake begani. "Mukubwa," akamwambia Mwenyekiti, "nichimbe kabuli wapi?" Nikawasha mashine. Programu ikaanza kuamka, ikaifikia ramani, ikaganda, ikajifunga. "Washa tena," akasema Mwenyekiti. Nikawasha, ikajifunga. "Tena."

Mwanangu, programu haikuwa mgonjwa. Ilikuwa ikilishwa chakula kilichooza kila inapofumbua macho. Nikamweleza polepole: Mzee, niruhusu nilitoe faili hili katika folda ya kuanzia, programu ifunguke kwanza, kisha tuitafute ramani. Yeye alisikia neno "kutoa" tu. Akadhani nataka kumwondolea ramani yake. "Hakuna kutoa kitu hapo," akasema. "Wewe kazi yako ni kuwasha." Akavuta kiti, akaketi kati yangu na kompyuta, akawa anawasha na kuzima mwenyewe, na jua linapanda. Mpaka leo nikimwona mtu anarudia jambo lile lile lililokwisha kukataa, kwa nguvu zaidi kila mara, mikono huniwasha.

Utaniuliza kwa nini hatukumwuliza mtu. Mzee aliyenionesha safu ile alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na yeye sasa alikuwa kisanduku ndani ya ramani. Hajati alikuwa nyumbani na wanawake, kwa kuwa kwetu wanawake hawafuati jeneza, na hakuwahi kufika kwenye kaburi la mumewe. Mimi safu ile niliijua kwenye jedwali. Kwenye ardhi, mvua ilikuwa imevilaza vilima vyote vikawa kimoja. Imamu akatuma mtu mara ya kwanza, akatuma tena. Mwenyekiti akainuka na kanzu yake. "Mimi najua makaburi yangu," akasema, akaondoka na Ssalongo.

Nikabaki na mashine. Nililihamisha faili lile nje ya folda ya kuanzia, nikawasha. Programu ikafunguka bila taabu, tupu na safi. Kazi ya dakika chache, na tulikuwa tumepoteza asubuhi nzima kwa ubishi wa mtu mmoja. Nikajaribu kulifungua faili lenyewe, likakataa. Lilikuwa limevunjika. Lakini ndani ya folda ile ile kulikuwa na faili jingine, jina lake herufi na tarakimu zisizo na maana, hata programu haikulitambua kuwa ni jedwali, la kufutwa na kila mtu mwenye haraka ya kufagia. Sikulifuta. Programu ile, inapohifadhi, huandika kazi mpya pembeni kwanza kwa jina la ovyo kama hilo. Ikimaliza ndipo huliondoa la zamani, na jipya hupewa jina lake. Umeme ukikatwa katikati ya kuondoa, la zamani huvunjika, na kazi yako inaweza kubaki pale bila jina lake. Nikalitolea nakala, nakala nikaipa jina, nikaifungua.

Ramani ikatokea. Mzee Farajala katikati. Rajabu upande huu, njano.

Nilikimbia, mwanangu, viatu mkononi. Niliwakuta wanaume wanarudi, wengine wananawa mikono, Ssalongo anafuta jembe lake kwa majani. Rajabu alikuwa ameshazikwa safu za chini kabisa, katikati ya watu wasio wake. Nikamwambia imamu. Akainamisha kichwa, akasema aliyekwisha kuzikwa hafukuliwi kwa sababu kama hiyo. Maji yakimwagika hayazoleki. Pale barabarani nililia kwa hasira, nikamwambia Mwenyekiti maneno ambayo msichana wa Kinubi hamwambii mtu mzima. Sijayajutia.

Matanga yalipokwisha, Hajati Sauda akaja ofisini. Mwenyekiti akamvutia kiti kwa mikono miwili.

"Hajati, pole sana," akasema. "Kompyuta ilikula mapu. Ni kazi ya Mungu."

Mama yule alimtazama mpaka mtu mzima akaanza kukuna shingo.

"Kompyuta haina tumbo," akasema. "Huyu mtoto alikuambia subiri. Mimi nilikuwa hapo kwa mlango, nikasikia. Ulizima kwa mkono yako. Usipatie Mungu kazi ya mkono yako. Mvua ilibeba vibao vyote, ukaona. Sasa kwa nini tena ukaweka watu wetu mahali pamoja, na ufunguo kwa mtu mmoja?"

Hakupandisha sauti. Kisha akanigeukia, akataka nimwoneshe Rajabu yuko wapi. Nilikuwa nimekwenda na Ssalongo kupaandika, kwa hiyo nikamwonesha kisanduku.

"Pembeni yake ni nani?"

"Upande mmoja hakuna mtu, Haboba," nikamjibu, kama tunavyowaita bibi zetu.

"Basi nitoe kwa baba yake. Niweke kwa Rajabu. Mzee Farajala ni mtu mkubwa, atalala peke yake. Mtoto, hapana."

Nikalihamisha jina lake. Akaniambia nihifadhi, nikahifadhi. Akaniambia nifunge, nikafunga. Nilidhani tumemaliza.

"Fungua tena," akasema. "Nione."

Nikafungua. Hakujua kusoma, kwa hiyo nilimshika kidole nikakiweka kwenye kioo, juu ya jina lake, kisha juu ya la mwanawe. Akatikisa kichwa kukubali. Ndipo akafungua fundo la mtandio wake, akatoa disketi mpya aliyoinunua mjini, bado iko kwenye karatasi yake. "Na yangu weka hapa," akasema. Mwenyekiti akafungua mdomo. Hajati akamtazama, naye akaufunga. Swichi ile hakuigusa tena mbele yangu.

Sasa nisikilize, maana hasira zangu zina faida kwako ukizitumia. Usiseme kompyuta imekula. Mtu anayesema hivyo hajauliza bado ni mkono wa nani ulifanya nini. Programu ikikataa kuamka, usiipige na kuiwasha kama punda aliyegoma. Tazama umeilisha nini inapoanza, kitoe hicho kando, uijaribu tupu. Kazi ikipotea, usifagie kitu. Angalia kwanza yale mafaili yenye majina ya ovyo, na ukilipata lako, fanyia kazi nakala yake. Na nakala zisilale nyumba moja, wala zisiwe za mtu mmoja, hata mtu huyo akiwa ni wewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nimeona ukuta usiojengeka. Ukihifadhi, funga, ufungue tena, uone kwa macho yako. Hapo ndipo uamini.

Hajati Sauda aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mwenyekiti alikuwa ameshakufa, ofisi imehama, na mashine ile ilikuwa imeuzwa kwa chuma chakavu. Siku Hajati alipofariki, ramani ilifunguka kwa jaribio la kwanza tu, kwa sababu kila mashine mpya ilipokuja niliihamishia humo na kuifungua. Mtoto wa Ssalongo alichimba palipoandikwa. Amelala pembeni ya Rajabu mpaka leo, na vibao vyao mvua imeshavichukua zaidi ya mara moja.

Nenda ukaitafute kazi yako, mwanangu. Ukiipata uje, ufunge, ufungue tena, nione. Mwenyezi Mungu akupe mkono unaojua kungoja, akupe na ulimi wa kumwambia mkubwa wako "subiri" asipotaka kusikia. Na siku yako ikifika, baada ya maisha marefu, ulale karibu na unaowapenda. Amina.