Kumshika Bi Mgeni

Bi Mgeni, jirani yangu hapa Dunda, huku Pwani, anapika vitumbua, na penye muziki hajui kukaa kimya. Mimi nimetoka Ubena, nimezoea kwaya za kanisani, wimbo ukiisha ndipo unapiga makofi. Yeye ni mtu wa taarabu. Mwimbaji akimkuna moyo tu, keshainuka, anapita katikati ya viti kwa madaha hadi mbele, akamtunze kwa kumvisha kanga.

Ndiyo maana binti yake Najma, anayesoma muziki chuo cha hapa mjini, alinijia siku ya onyesho la wanafunzi.

"Shikamoo, Mama Anold. Leo walimu wanatoa alama. Nakuomba umshike mama, kule hawatunzi."

"Marahaba, mwanangu. Hatoki," nikajibu, nikajiona askari.

Tukakaa safu ya tatu. Wakaanza vijana wa marimba, akafuata mmoja wa gitaa aliyeimba mapenzi huku kafumba macho utadhani anaumwa jino. Kwaya ilinitoa machozi, nikakumbuka kwetu. Muda wote huo Bi Mgeni katulia, mikono mapajani, nami nimeshika pindo la kanga yake.

Najma akapanda na wenzake wa fidla, udi na ngoma. Ubeti wa kwanza aliuimba vizuri hadi nikaona raha. Ulipofika wa pili akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Fidla zikarudia palepale, bado kimya. Akawatazama walimu. Mtoto wa watu! Nilimwonea uchungu kama wa kwangu.

Bi Mgeni akanigeukia. Nikaliachia lile pindo.

Akainuka na kigelegele, akaenda taratibu, kiuno kikiitikia ngoma. Wapigaji wa Pwani wanajua: mtu akija kutunza, mwimbaji husubiri, ala huendelea. Basi wakaendelea. Kina mama wengine wakainuka wakamfuata, wala hawamjui. Alipofika akavua kanga ya juu, akamvisha Najma mabegani, akamkumbatia, mdomo sikioni. Kila alfajiri mtoto yule hufanya mazoezi pembeni ya jiko la vitumbua. Mama alikuwa na wimbo mzima kichwani.

Najma akaimba. Safari hii aliimba hasa, kanga ikimning'inia bega moja.

Baadaye akatukuta nje.

"Mama Anold, si nilikuomba umshike?"

"Alinizidi nguvu," nikasema. Uongo mtupu.

Bi Mgeni alikuwa anatazama ndala zake. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia alama?"

Najma akajitanda ile kanga vizuri, akamshika mama yake mkono.

"Sijui, mama. Ila mwakani ukae safu ya kwanza," akasema. "Leo ulichelewa kunifikia."