Beseni la Kilio

Mimi sijasoma sana. Nilifika darasa la tatu, nikaachia hapo. Lakini katika parokia yetu hapa Kalemie nimekuwa mukubwa wa wamama kwa miaka mingi, na kiti changu cha mbele kila mutu anakijua. Ukikikalia bila kujua, watakuinua.

Kolera iliporudi katika mitaa yetu ya kando ya ziwa, padri alituomba jambo moja. Kila kilio, mumoja wa wamama asimame kwenye mulango wa kiwanja cha wafiwa na ndoo yenye robine ya kufungulia maji, maji yametiwa dawa ya klore, ili wanaotoka makaburini wanawe hapo kabla ya kula. Hakuna aliyeitaka. Ile ni kazi ya kuangaliwa vibaya, kwa sababu unasimama pale kama vile unawaambia watu wako wachafu. Nilinyoosha mukono. Sidanganyi, niliunyoosha kwa sababu padri alikuwa ananiangalia mimi. Kisha nikachukua wasichana wawili wa kwaya wawamiminie watu maji, mimi nikawa nasimama pembeni na kikwembe changu kipya kiunoni, nawaonyesha kwa kidole.

Sasa mujue desturi yetu. Ukitoka kuzika, kwenye kiwanja unakuta beseni la maji lenye majani. Wote munatia mikono humo humo, kuanzia mama wa marehemu mupaka mutoto anayetembea. Mwenye kupita bila kunawa anaenda na kifo nyumbani kwake. Na kunawa humo pamoja njo kusema: huyu maiti ni wetu sisi wote. Hakuna anayenawa peke yake siku ya kilio.

Siku ile tulizika kijana muvuvi wa mutaa wa Kataki. Kolera ilimuchukua kati ya asubuhi na jioni. Watu wa afya walimufunga ndani ya mufuko, wakamwaga dawa, wakatuambia tukae mbali. Mama yake hakuruhusiwa hata kugusa muguu wake. Kaka ya marehemu alikuwa ameoa mujukuu wangu. Mujukuu yule njo wa kwanza katika ukoo wetu kupata diplome ya Leta, ile ya serikali ya kumaliza sekondari, na jambo hilo nimelisema sokoni mupaka wauza samaki ndakala wananikimbia. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Muuguzi alikuwa ameniambia wazi: mwenye mimba akishikwa na kolera, mara nyingi mutoto anakufia tumboni.

Basi tukarudi kutoka makaburini. Ndoo yangu ilikuwa mulangoni, wasichana wangu tayari. Hatua tatu ndani, beseni nalo lilikuwa tayari, na watu walikuwa wananipita kama mutu anavyopita nguzo. Nikaona shangazi wa marehemu, aliyekuwa amemuhudumia mugonjwa kwa siku nzima, anatia mikono kwenye beseni, anaisugua, anaitoa. Nyuma yake watu watatu. Nyuma yao mujukuu wangu, amekunja mikono ya nguo mupaka viwiko.

 Nilienda kwa miguu yangu, nikashika beseni kwa ukingo, nikalimwaga.

Maji yalienda mupaka kwenye miguu ya wazee waliokaa. Majani yakabaki kwenye udongo. Kiwanja kizima kikageuka kuniangalia, hata waliokuwa wanalia. Hapo nikajua nimefanya nini. Kwa watu wale, nilikuwa nimewaachia kifo mikononi.

Kaka ya marehemu akasimama. Alisema wamama wa kanisa wamezoea kuamuru katika nyumba za watu, na kwamba nitoke na ndoo yangu kabla hajasahau kama mimi ni koko, bibi ya muke wake. Wamama wangu wakaanza kukusanya vitu vyao polepole. Wasichana wa kwaya, sikuona walipitia wapi. Na kule nyuma ya jiko, shangazi alikuwa anajaza beseni lingine. Nilisikia maji yanaingia.

Nikamuangalia mujukuu wangu. Hakuniangalia. Alikuwa muke katika nyumba ile. Beseni likifika, angetia mikono mbele ya wote, kwa haya tu, na mimi nisingeweza kumukamata.

Halafu mama wa marehemu akainuka kwenye mukeka. Akanikaribia mupaka nikaona chumvi ya machozi kwenye mashavu yake.

"Mulinikataza kumuogesha mutoto wangu," akasema. "Sasa munanikataza na kunawa?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kujibu. Klore, muuguzi, padri, yote niliyajua. Lakini shangazi alikuwa amekwisha tokea pembeni ya jiko, beseni limejaa, analibeba kwa mikono miwili. Nikaona nikianza kuelezea, nitamaliza watu wakiwa wamekwisha nawa.

Niliokota jani moja kwenye udongo, nikalisuuza kwa maji ya ndoo. Nikajaza kopo kwenye robine. Nikapiga magoti palepale kwenye tope nililolitengeneza mwenyewe, na kile kikwembe kipya, nikanyoosha kopo.

"Mama," nikasema, "sikukatazi. Leta mikono, mimi njo nitakunawisha. Na hawa wote, mumoja kwa mumoja, mupaka wa mwisho."

Hakusogea. Mikono yake ilikuwa imefungwa, ngumi mbili. Mwenye beseni alikuwa amefika nyuma yake, akasimama, maji yanachezacheza. Kopo lilikuwa linanimwagikia kwenye mapaja. Mumoja akacheka kidogo, nikajua ni kwa ajili yangu. Wazo likanijia la kuinuka. Nakiri hilo.

Kisha akafungua ngumi moja. Nikaweka jani kwenye kiganja, nikamimina. Akafungua ya pili. Nikamunawisha vidole vyote, na katikati ya vidole, polepole, kama mutu anavyoogesha kitoto kichanga. Alilia, safari hii bila sauti.

Shangazi akatua beseni chini. Nikamuita yeye wa pili, na dawa nikamuongezea.

Baada ya hapo walikuja. Si wote kwa moyo muzuri. Kuna muzee alisema angalau nimepata kazi inayonifaa. Nikamunawisha na yeye. Mujukuu wangu alifika kama wengine, nikasugua mikono yake mupaka akaivuta. Mume wake, kaka ya marehemu, alikuja mwisho kabisa, akanyoosha mikono huku anaangalia ukuta.

Magoti yalikuwa yamekufa. Nilijaribu kuinuka, ikashindikana, nikabaki nimeshika ndoo. Mama wa marehemu, ambaye alikuwa amerudi kwenye mukeka wake, akaja tena. Akatoa kopo mukononi mwangu.

"Na wewe je?" akasema. "Unataka kurudi na kifo nyumbani kwako?"

Nikamupa mikono. Akamimina.