Mtaro wa Juu, Mtaro wa Juwa

Kiwanja tulichopata Munuki, mjini Juba, tuliporudi kutoka ukimbizini Uganda kilikuwa cha mteremko, na mke wangu alikipenda kwa ajili ya upepo. Mimi niliangalia ardhi. Mvua ikinyesha, maji yote ya upande wa juu yalishuka moja kwa moja hadi ukuta wa nyuma, nao ulikuwa wa matofali mabichi. Mvua moja kubwa ingetosha kuulainisha, na watoto walilala wakiuegemea. Baada ya miaka ya kulala katika nyumba za watu, hii ilikuwa ya kwanza yetu.

Hakuna aliyenifundisha kazi ya mitaro. Nilitembea mvuani kama kichaa nikifuata maji, mpaka nikaelewa kwamba hayazuiwi, yanaongozwa. Mtaro uwe juu ya mteremko, uyapokee kabla hayajafika nyumbani, uyazungushe hadi kwenye korongo kando ya kiwanja. Ukiinama mno, maji yanakula udongo. Ukiwa bapa, yanatuama. Kipimo changu kilikuwa chupa ya dawa iliyojaa maji, imebakizwa kiputo kidogo cha hewa. Niliilaza juu ya ubao nikatazama kiputo kinakimbilia wapi. Siku kiputo kiliponitii nilicheka peke yangu.

Jirani yangu hakuondoka Juba wakati wote wa vita. Nilikuwa nimemsaidia kuezeka, naye akaahidi kunichimbia. Yeye alikuwa na Kiarabu cha Juba, mimi Kiswahili, tulikutana katikati. Asubuhi moja, nikipanda lori kwenda Nesitu kuchukua mawe, nilimwambia, "Anza kuchimba juu, ndugu yangu."

"Juwa?"

"Ndiyo, juu!"

Niliporudi alasiri, wingu jeusi lilikuwa limeshafunika kilima. Mtaro ulikuwepo, kingo zimenyooka vizuri sana, lakini ndani ya uzio, chini kabisa ya ukuta wa nyuma. Ungejaa maji na kulowesha msingi mzima.

"Ndugu yangu, nilisema juu!"

"Na mimi nachimba juwa! Hii si juwa?" Akaupiga ukuta kwa kiganja.

Hapo ndipo nilipokumbuka: kwa Kiarabu chao, juwa ni ndani.

"Shukuru hukumwambia juu ya nyumba," mke wangu akasema. "Angechimba paa."

Ngurumo ikatukatisha kicheko. Mke wangu akachukua mchi wa kutwangia, akawa anarudisha udongo kwenye mtaro ule na kuushindilia. Mimi na jirani tukapanda juu, mimi mbele na chupa na ubao, yeye nyuma na jembe, udongo tukiutupa upande wa nyumba uwe tuta.

"Chupa nasema nini?"

"Inasema chini kidogo."

"Chupa yako napenda kazi sana, ya zol, ndugu yangu. Yeye nachimba lini?"

Tulikuwa tumefika kwenye kona ya korongo mvua ilipotupiga. Jirani akatazama mlimani akapiga kelele, "Moya! Moya gi ja!" Maji yanakuja.

"Moja tu?" mke wangu akajibu kutoka ukutani. "Mbili iko wapi?"

Yalikuja mekundu, yamebeba nyasi. Yakaingia mtaroni, yakafuata mstari wa chupa yangu, na moyo wangu ukadunda kama wa mtoto. Yalipofika kwenye kona yakarundikana, tuta likaanza kupasuka. Jirani alikwenda akaketi kwenye ule ufa, akauziba kwa makalio.

"Leta mawe! Mimi iko na baridi!"

Nikakimbia na mawe ya Nesitu, nikayapanga ubavuni mwake, mpaka maji yakapinda, yakaangukia korongoni kwa kishindo. Tukapiga vigelegele kama wanawake arusini.

"Na juwa?" akauliza, bado ameketi majini.

Mke wangu akaingia chumba cha watoto, akapapasa ukuta toka chini hadi juu. Kisha akatoa kichwa mlangoni.

"Juwa kavu!"