Moyo Unaniuma

Kwa kugeuza maneno, mkalimani wa hospitali ile hakuwa na mpinzani, na yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kukwambia. Daktari alikuwa mgeni, Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Basi kutwa mwanamke huyu alikaa katikati yake na mgonjwa, anapokea huku, anatoa kule. Wauguzi walimwita Bi Mdomo, naye aliitika.

Asubuhi hiyo aliingia fundi cherehani mmoja, mama wa miaka sitini na ushei, utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni.

"Moyo unaniuma, mwanangu," alisema. "Wiki ya pili sasa, tangu nimzike mdogo wangu."

Jamani, nani asiyeyajua maneno hayo? Tunayasema hata timu yetu ikifungwa. Mkalimani alimwambia daktari kwamba mama ana majonzi, amefiwa na mdogo wake. Daktari akampa pole, akaandika vidonge vya usingizi. Imekwisha hiyo.

Mama alishukuru, akainuka. Mlangoni alihamishia mkoba mkono wa kulia, akaegemea ukuta.

Mkalimani alishtuka. "Mama, samahani. Huo moyo unakuuma wapi hasa?"

"Hapa hapa!" Alikaza ngumi katikati ya kifua. "Kama nimekaliwa na mtu. Na mkono huu wa kushoto umekufa ganzi."

Neno lina maana mbili, naye Bi Mdomo kwa ujuaji wake alikuwa amefikisha moja tu.

"Daktari, nimekosea," alisema bila kumung'unya maneno. "Ni moyo wenyewe."

Mama alilazwa, akabandikwa nyaya, akapimwa hili na lile. Alasiri daktari alirudi na majibu. Mishipa ilikuwa mizima, haikuziba. Moyo wenyewe ndio uliolegea na kuvimba upande mmoja. Hutokea, alisema, mtu akipigwa na msiba mzito. Wakiuangalia vizuri, utapona.

"Kwa hiyo ni ugonjwa au ni majonzi?" mkalimani aliuliza.

"Vyote viwili. Hapa huwezi kuvitenganisha."

Miaka kumi na moja Bi Mdomo amekuwa akilichambua neno hilo kama mchele, ya mwili huku, ya roho kule, kumbe nyama yenyewe haiujui mpaka huo. Alikitazama kile kifua kidogo kikipanda na kushuka chini ya shuka, akaogopa kwa heshima, kana kwamba amesogea karibu mno na jambo kubwa.

"Mwulize mdogo wake alikuwa mtu gani," daktari alisema. "Sina haraka."

Mama alianza polepole. Walilala kitanda kimoja utotoni. Macho yake yalipofifia, mdogo wake ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano, kila asubuhi, miaka yote.

"Juzi nilishika sindano saa nzima," alisema. "Namwita tu."

"Anasemaje?" daktari aliuliza.

Bi Mdomo alifungua kinywa, machozi yakamtangulia.