Rimu Nyepesi Njia ya Kinango

Nimeshachekwa vya kutosha, kwa hiyo chekeni tu, hamtaongeza kitu. Aliyekaribia kuharibu nikaha ya Hamisi ni mimi, wala si shetani kama nilivyodai siku ile.

Mjomba Bakari ana teksi hapa Ukunda, na kila jioni alikuwa akililia bei ya petroli, basi mimi (kidato cha tatu, fizikia C, mdomo A) nikamwambia atoe rimu za chuma atie za aloi, maana gurudumu likiwa jepesi injini haihangaiki kulizungusha. Hilo ni kweli. Kwamba faida yenyewe ni ndogo mno, hilo sikulijua. Akanunua, wiki mbili zikapita, mafuta yanakwenda vile vile.

"Mpwa wangu," akaniambia, "kesho nampeleka binamu yako Hamisi kuoa Kinango. Mshale wa mafuta ukishuka kama kawaida, rimu utazivaa wewe shingoni."

Alfajiri nikafanya uamuzi mdogo tu: nikatoa tairi la spea na jeki kwenye buti, nikavificha nyuma ya banda la kuku, gari liwe jepesi zaidi nishinde.

Tulikuwa watatu, wazee walikwisha kutangulia kwa basi. Sheikh alikuwa amesema wazi kuwa ikipita saa tano anaondoka, ana nikaha nyingine Msambweni. Saa nne na nusu, karibu kabisa na Kinango, tukaingia shimo, rimu ikapasuka ukingoni na upepo wote ukatoka. Mjomba akafungua buti. Akafunga. Akafungua tena.

"Spea iko wapi?"

"Nyumbani."

"Inafanya nini nyumbani?"

"Inapunguza mafuta, mjomba."

(Hapo Hamisi alinirushia kiatu, akanikosa.)

Gari la kwanza kusimama lilikuwa pikapu ya mbuzi wanaokwenda mnadani, na mbele kumejaa. Mjomba akabaki na teksi yake, bwana harusi akapanda nyuma, nami nikapanda kulishika joho lisitafunwe, tukapita katikati ya mnada watu wakipiga kelele, "Huyo mwenye kilemba mnamuuza bei gani?"

Tulifika sheikh anavaa viatu. Shangazi wa bibi harusi akasimama mlangoni na chetezo.

"Astaghfirullah! Na harufu hii haingii mtu." Akamzungusha Hamisi udi mpaka akakohoa, kisha akanitazama. "Na wewe?"

"Shikamoo, shangazi. Mimi ndiye niliye..."

"Marahaba. Kaa nje."

Hamisi akaozeshwa, alhamdulillahi, na "nimekubali" yake niliisikia dirishani. Pilau nililetewa huko huko uani, na watoto wakaja kunitazama nikila.

Mjomba amerudisha rimu za chuma. Ukiniuliza leo, nitakwambia jaza upepo sawasawa, usikimbize gari, utaokoa zaidi. Na mimi, wallahi, katika gari la mtu sitatoa tena kitu, hata likiwa ganda la ndizi.